Chuo cha Uingereza kinatafuta mhandisi wa programu kwa modeli za moyo. Hii kazi ni ya nani hasa?

#1 Fundi_wa_Tandika
Wakuu, kwema? Kuna tangazo la kazi nimelikuta la chuo kikuu kimoja Uingereza. Wanataka mhandisi wa programu za utafiti kwenye kundi linalotengeneza modeli za moyo kwa kompyuta. Sifa ni lugha za programu C++ na Python, kuandika majaribio ya kiotomatiki, Linux, na ukiwa umeshagusa kompyuta kuu (supercomputer) ni nyongeza. PhD inapendelewa ila si lazima. Hakuna mstari unaosema lazima uujue moyo.

Mimi nimesomea uhandisi wa kompyuta na natengeneza mifumo ya malipo hapa Dar. C++ naijua, Python naitumia kila siku. Kinachonitatiza ni hiki: jamaa wana maprofesa na wanafunzi wanaozijua hesabu zote hizo, sasa mtu wa mifumo ya malipo wanamtakia nini? Ninavyoona mimi wanatafuta mtu wa kusafisha uchafu ulioandikwa na wanasayansi, basi. Anayeijua hii dunia aje hapa.

#2 Kipepeo_Mweusi
Nimeona neno moyo kwenye kichwa cha uzi nikajua mkuu ameachwa. Narudi jukwaa la mahusiano.

#3 MwalimuWaHesabu
Fundi, usiite uchafu, ingawa ukweli umeugusa pembeni. Nafundisha hesabu chuoni hapa Nairobi na nimesimamia tasnifu za modeli za seli za moyo.

Mambo yalianza 1952, Hodgkin na Huxley walipoandika milinganyo ya umeme unaopita kwenye neva ya ngisi. Huxley alifanya hesabu zake kwa kuzungusha mashine ya Brunsviga kwa mkono, maana kompyuta ya Cambridge ilikuwa imezimwa ifanyiwe marekebisho. Baadaye Denis Noble, mwanafunzi wa PhD pale University College London, akaichukua milinganyo ile akaifanya ya moyo mwaka 1962. Alitumia kompyuta ya Ferranti Mercury usiku wa manane kwa sababu mchana ilikuwa na wenyewe. Maana yake programu za moyo zilianzwa na mwanafiziolojia aliyejifunza kompyuta mwenyewe, na fani ikaenda hivyo kwa miongo mingi.

Modeli ile ilikuwa na vigeu 4, yaani namba nne zinazobadilika kadiri muda unavyokwenda. Modeli ya O'Hara na Rudy ya 2011, ya seli ya ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya binadamu, ina 41. Hiyo ni seli moja tu. Ukizitaka ventrikali zote mbili unazikata ziwe wavu wenye nafasi ya robo milimita hivi kati ya nukta na nukta, unapata mamilioni ya nukta, kila nukta imebeba vigeu vyake 41, na saa inasogea kwa sehemu ya mia ya milisekunde. Sekunde moja ya moyo ni hatua 100,000. Hesabu tunazo. Watu wa kuzifanya zikimbie kwenye maelfu ya prosesa kwa pamoja ndio haba.

#4 Fundi_wa_Tandika
Asante Mwalimu. Kwa hiyo jibu ni kasi?

#5 Lamu_Mpaka_Oslo
Sahihisho dogo kwa Mwalimu. Noble alichapisha kwanza 1960 kwenye Nature. Ya 1962 ni makala ndefu iliyofuata kwenye Journal of Physiology.

Na kasi si jibu lote. Niko Norway, nimefanya kazi hii hii kwenye kundi moja la utafiti. Nilichokikuta ni msimbo ambao mwanafunzi aliuandika miaka mitatu, akahitimu, akaajiriwa kwenye benki, akaondoka. Ulikuwa unakubali kwenye kompyuta yake tu. Kuna mchoro kwenye makala yao iliyochapishwa ambao hakuna mtu aliyebaki mle ndani aliyeweza kuutoa tena. Haikuwa hila ya mtu. Hakuna aliyeandika toleo gani la maktaba ya programu lilitumika, wala namba zipi ziliingizwa kwa mkono siku ile. Mwanafunzi hupimwa kwa tasnifu. Msimbo wake hauna mwenyewe akishavaa joho.

Ndiyo maana watu wakaona haja ya kuwa na cheo hiki. Jina lenyewe la mhandisi wa programu za utafiti lilizaliwa kwenye mkutano mmoja pale Oxford mwaka 2012, na leo Uingereza, Ujerumani na Marekani wana vyama vyao. Kwa hiyo, Fundi, wanakutafuta ili ujuzi usiondoke kila mtu anapohitimu.

#6 MwalimuWaHesabu
1960, sawa. Hoja ya kasi iko palepale.

#7 Ngosha_wa_Kirumba
Mnazunguka tu. Hii ni habari ya ruzuku. Siku hizi wafadhili wa Ulaya hawatoi hela kama hujaandika kwamba msimbo utakuwa wazi na utatunzwa. Profesa anaweka mstari mmoja kwenye bajeti, "mhandisi wa programu", hela inatoka. Ruzuku ikiisha na wewe umeisha. Fundi hebu tuambie, mkataba ni wa miaka mingapi?

#8 Fundi_wa_Tandika
Miaka miwili, "kuna uwezekano wa kuongezwa".

#9 Ngosha_wa_Kirumba
Haya.

#10 Daktari_wa_Zamu
Nimefuata neno moyo kama Kipepeo ila mimi nimekaa. Ni daktari, C++ siijui, lakini naona mmeacha sababu inayotugusa sisi wa wodini.

Kwenye seli za moyo kuna mlango wa potasiamu unaoitwa hERG. Dawa ikiuziba, moyo unachelewa kujirudisha baada ya pigo, kwenye karatasi ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) unaona QT, yaani muda wa ventrikali kupata umeme na kujirudisha, imerefuka, na mgonjwa anaweza kuingia kwenye mapigo ya hatari yanayoitwa torsades de pointes. Terfenadine, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni Marekani miaka ya 1990 kwa sababu hiyo. Na wa umri wangu mnaikumbuka Halfan ya malaria? Halofantrine ndiyo hiyo hiyo, ilirefusha QT, na leo haipo kwenye miongozo ya tiba. Hata kwinini tunaidunga taratibu kwa dripu, tunaiogopa ikiingia kwa haraka.

Mwaka 2013 ukaanzishwa mpango wa CiPA, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikiwa katikati yake, wa kupima hatari hiyo kwa milango kadhaa ya ayoni halafu matokeo yaingizwe kwenye modeli ya kompyuta. Modeli waliyoichukua kama msingi ni hiyo hiyo ya O'Hara na Rudy aliyoitaja Mwalimu. Sasa programu ikianza kutoa maoni kuhusu dawa atakayomeza mtoto wa mtu, haiwezi tena kuwa msimbo wa mwanafunzi. Lazima iwe na kumbukumbu, majaribio, na mtu wa kuulizwa. Wanaokusukuma, Fundi, ni wadhibiti wa dawa na vifaa tiba. Mambo ya kasi ni ya wenye haraka zao.

#11 Lamu_Mpaka_Oslo
Daktari ana hoja. Kuna na kiwango cha ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, kinachoitwa V&V 40, cha 2018, cha kupima modeli ya kifaa tiba inaaminika kiasi gani kulingana na uamuzi utakaofanywa nayo. Ila makundi mengi ya vyuo hayajawahi kupeleka faili lolote FDA na bado yanaajiri watu wa programu. Kwa hiyo haitoshi kuwa sababu.

#12 Mama_Zuwena
Habari zenu. Niko Ujerumani, nimetoka kwenye programu za benki nikaingia kwenye kundi la modeli za moyo, kwa hiyo Fundi nasimama pale unapotaka kuja. Nataka nikuambie kitu kimoja ambacho hakijasemwa hapa.

Kwenye malipo, msimbo ukikosea unajulikana. Vitabu havilingani, mteja anapiga simu, jioni ile ile mmeshaipata shilingi iliyopotea. Kwenye moyo hakuna kitabu cha upande wa pili. Programu inakutolea wimbi zuri la umeme linatembea kwenye ventrikali, rangi zinapendeza, daktari anatikisa kichwa kwamba ndivyo lilivyo, na bado linaweza kuwa limechelewa kwa sababu wavu wako ni mkubwa mno. Halitoi ujumbe wa kosa. Linatoa jibu.

Hilo si la kufikirika. Mwaka 2011 makundi 11 yalichukua tatizo moja, kipande cha nyama ya moyo chenye umbo la boksi, milimita 20 kwa 7 kwa 3, kinachochokozwa kwenye kona moja. Kila kundi likatumia programu yake. Milinganyo ile ile, namba zile zile. Wakapima umeme unafika lini kona ya mbali. Kwa wavu wa nusu milimita majibu yalitofautiana vibaya. Walipofika sehemu ya kumi ya milimita yakasogeleana. Hawa walikuwa wakubwa wa fani wote, na swali lilikuwa boksi, hata moyo wenyewe bado.

Nilipoisoma makala ile ndipo nilipoelewa kwa nini nimeajiriwa. Nilikuwa nadhani naenda kuandika msimbo unaokimbia. Nililipwa kuwa na shaka, kila siku, kwa utaratibu.

#13 Fundi_wa_Tandika
Mama Zuwena umenigusa. Sasa unaandikaje jaribio la kitu ambacho jibu lake sahihi hulijui? Kwangu jaribio ni rahisi: weka 1,000, toa 300, lazima zibaki 700.

#14 Mama_Zuwena
Njia zipo, na hakuna moja inayotosha peke yake.

Unatafuta tatizo dogo ambalo hesabu ya mkono inalitatua kikamilifu, unaona programu inalipata. Unapunguza wavu mara mbili, mara nne, unaangalia kosa linashuka kwa kasi ile ambayo nadharia inaitaka. Likishuka polepole kuliko hapo, kuna kosa mahali hata kama picha inapendeza. Unaligeuza boksi lisimame wima, jibu lisibadilike. Unaendesha seli moja kwenye programu yako na kwenye Myokit, programu nyingine ya kuiga seli za moyo, unalinganisha mkondo mmoja mmoja: sodiamu, kalisi, potasiamu.

Halafu kuna hili litakalokutesa. Kompyuta ikijumlisha namba zenye desimali, mpangilio wa kujumlisha unabadilisha tarakimu za mwisho. Ukitoka prosesa 64 kwenda 128 mpangilio unabadilika, jibu linabadilika kidogo sana. Kwa pigo la kawaida si neno. Lakini ukiwa unaiga mapigo yaliyovurugika, mawimbi yanayojizungusha na kuvunjika, tofauti ile ndogo inakua mpaka picha ya mwisho inakuwa nyingine kabisa. Je, programu imekosea? Hapana. Je, jaribio lako limeshindwa? Ndiyo. Hapo lazima ukae na wanasayansi mkubaliane ni kitu gani hasa kinapaswa kubaki vilevile. Mtu wa programu akiwa peke yake hawezi kuamua. Mwanahisabati akiwa peke yake huwa hata hajagundua kuna cha kuamua.

#15 MwalimuWaHesabu
Sentensi ya mwisho naikataa. Sisi ndio tuliowafundisha kwamba kosa lazima lishuke kwa kasi fulani.

#16 Mama_Zuwena
Mmetufundisha, Mwalimu, na shukrani. Swali langu ni nani kwenye kundi lako anayeliendesha jaribio hilo kila mtu anapobadilisha mstari mmoja wa msimbo.

#17 Kobe_wa_Mtwara
Mwalimu umeitwa ubaoni. Tunasubiri.

#18 MwalimuWaHesabu
Analiendesha mwanafunzi, kabla ya kuwasilisha. Na ndiyo, ingefaa liendeshwe kila siku. Lakini hiyo ni nidhamu, na nidhamu anaweza kufundishwa mwanahisabati. Pale Oxford walipoanza Chaste, programu yao ya kuiga moyo, mwaka 2005 waliikusudia hivyo: jaribio linaandikwa kwanza, msimbo baadaye, na walioandika wengi walikuwa wanasayansi. Siamini kwamba lazima aletwe mtu wa nje.

Upande mwingine kuna kitu mtu wa nje hawezi kukiona. Milinganyo iliyochapwa kwenye majarida ya zamani ilikuwa na makosa ya uchapaji mara nyingi, alama imepotea, kipimo kimeandikwa vingine. Watu wa Auckland, New Zealand, walipotengeneza CellML, lugha ya kuandikia modeli, na hazina yao ya modeli, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kurekebisha modeli mpaka zitoe matokeo yale yaliyoandikwa kwenye makala. Mtu asiyejua kalisi inapaswa kupanda kiasi gani ndani ya seli atayaonaje hayo?

#19 Daktari_wa_Zamu
Atauliza.

#20 Ngosha_wa_Kirumba
Mnabishana nani anajua zaidi, mwenzenu anataka kujua atakula nini baada ya miaka miwili. Nina ndugu yangu alifanya kazi ya namna hii kwenye chuo kimoja huko nje. Aliandika upya nusu ya programu. Makala tatu zikatoka. Jina lake likawekwa mwishoni kwenye shukrani, baada ya mfadhili. Alipoomba kupandishwa cheo akaambiwa hana machapisho. Karudi kwenye kampuni ya simu, anakula vizuri, na moyo hataki kuusikia.

#21 Lamu_Mpaka_Oslo
Hilo lipo, silikatai. Ila tangu 2016 kuna Journal of Open Source Software, programu yenyewe inapitiwa na kuchapishwa, watu wanainukuu kama makala nyingine. Na vyuo kadhaa vya Uingereza sasa vina idara ya wahandisi hawa, mtu anaajiriwa na idara halafu anaazimwa kwa makundi, ruzuku moja ikiisha anahamia nyingine. Fundi, uliza kwenye usaili: mwajiri ni idara au ni profesa? Na jina langu litaingiaje kwenye makala? Wakisitasita, umeshajibiwa.

#22 Kobe_wa_Mtwara
Viza vipi? Baridi anaiweza?

#23 Lamu_Mpaka_Oslo
Baridi ni koti. Kwa Uingereza aulize mapema kuhusu ATAS, cheti cha ruhusa cha serikali yao, kwa kazi za utafiti za fani fulani za sayansi na uhandisi kinadaiwa kabla ya viza, na kinachukua muda wake. Akiikosa hiyo aangalie na Norway: huku mwanafunzi wa PhD ni mwajiriwa mwenye mshahara, na Simula, taasisi ya utafiti pale Oslo, wamefanya hesabu za moyo kwa miaka mingi.

#24 Nyota_ya_Kigali
Naomba niulize jambo jingine. Kwa nini lazima asafiri? Nasoma hesabu hapa Kigali. Seli moja ya moyo unaiendesha na Myokit kwenye laptopu yoyote. Modeli unazipakua kwenye hazina ya CellML bila kulipa. openCARP, programu ya kuiga umeme wa moyo, ipo wazi. Na Wabrazil wametengeneza MonoAlg3D inayotumia kadi ya michoro (GPU) badala ya kompyuta kuu, wavu unakuwa mwembamba pale tu wimbi lilipo na unapanuka pengine. Leo mpaka Oxford wanaitumia. Kama Brazil imeweza, sisi tuna nini?

#25 Mama_Zuwena
Nakuunga mkono, na sahihisho moja: openCARP msimbo wake unaonekana na ni bure kwa utafiti wa kitaaluma, lakini matumizi ya kibiashara yana masharti. Soma leseni kabla hujajenga kampuni juu yake.

#26 Ngosha_wa_Kirumba
Nyota, nani atakulipa? Umeme ukikatika hesabu ikiwa katikati?

#27 Nyota_ya_Kigali
Programu inahifadhi hali yake kila baada ya hatua kadhaa, umeme ukirudi inaendelea ilipoishia. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza. La kulipwa sina jibu.

#28 Daktari_wa_Zamu
Nyota ameuliza swali ninalolala nalo. Hizi modeli zimejengwa kwa mioyo ya nani? Ile ya O'Hara na Rudy ilitokana na mioyo zaidi ya 100 ya watu waliotoa viungo vyao, mioyo isiyo na ugonjwa. Kundi la Natalia Trayanova pale Johns Hopkins linatengeneza moyo wa mgonjwa mmoja mmoja kutoka kwenye picha za MRI, linatafuta kovu liko wapi na daktari achome wapi ili kuyazuia mapigo mabaya. Kazi nzuri mno. Lakini mimi wodini nina binti wa miaka 19 ambaye homa ya rumatiki ya utotoni imemharibia vali ya mitrali, ile iliyo kati ya atiria (chumba cha juu) na ventrikali ya kushoto. Atiria yake ya kushoto imevimba, mapigo hayana mpangilio, na anatumia warfarin ya kuzuia damu isigande. Wagonjwa kama yeye wanajaza kliniki zetu, na wale wa kupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kwa upasuaji wanangoja zamu. Kwenye modeli za atiria ninazoziona, mgonjwa wa kawaida ni mzee wa Ulaya mwenye shinikizo la damu.

#29 MwalimuWaHesabu
Daktari, hapa nakuelewa, na kihesabu atiria ni rafiki kuliko ventrikali. Ukuta wake ni mwembamba, wengi huuchukua kama ngozi isiyo na unene, nukta zinapungua sana. Fundi mwenye kadi moja nzuri ya michoro anaweza kuiendesha akiwa Tandika.

#30 Daktari_wa_Zamu
Umbo la atiria nitalitoa wapi? MRI ya kuonyesha kovu kwenye ukuta mwembamba hivyo siipati. Ninayo eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

#31 Mama_Zuwena
Eko itakupa ukubwa na umbo kwa makadirio, kovu haitakupa. Lakini kuna njia: unachukua umbo la kawaida, unalinyoosha lifikie vipimo vya eko ya mgonjwa, halafu unaweka makovu kwa mifumo tofauti mingi na kuangalia ni hitimisho gani linabaki lile lile katika yote. Hutapata jibu la binti huyo mmoja. Utapata jibu la aina ya swali.

#32 MwalimuWaHesabu
Sikubaliani. Kwenye atiria kovu ndilo linaloamua wimbi lizunguke wapi. Ukilibahatisha umebahatisha kila kitu. Afadhali kuanza na vipimo vya ECG vya wagonjwa wengi, urudi nyuma.

#33 Mama_Zuwena
Kurudi nyuma kutoka ECG kuna majibu mengi yanayofaa kwa karatasi moja, Mwalimu unalijua hilo kuliko mimi.

#34 Fundi_wa_Tandika
Daktari, hizo eko zinahifadhiwa kwa mfumo gani? Ni faili za DICOM, yaani picha za kidijitali za hospitali, au ni picha zilizochapwa zikabandikwa kwenye jalada la mgonjwa?

#35 Daktari_wa_Zamu
Mashine mpya inatoa DICOM. Ya zamani inachapa karatasi. Nyingi zilizopo ni za karatasi.

#36 Nyota_ya_Kigali
Hizo za DICOM zipo za kutosha kuanzia? Na kibali cha maadili kinaombwa wapi, hospitalini au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Tanzania?

#37 Daktari_wa_Zamu
Kibali kinaombwa kote kuwili, na unaanza hospitalini. Nifuateni ujumbe wa faragha, Fundi na wewe Nyota. Mwalimu na Mama Zuwena endeleeni kubishana hapa hapa, nasoma.